Kipolandi Kama Kioo cha Mwalimu: Kujifunza na Kufundisha Matamshi kwa Nyenzo za Bure

Mwalimu wa darasa la kwanza hufundisha mambo mawili kwa wakati mmoja, ijapokuwa andalio lake la somo huonyesha moja tu. Hufundisha herufi, na hufundisha sauti ambazo herufi hizo huziwakilisha. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya Kiswahili ana sauti hizo zote tayari. Kazi yake ni kuzifungamanisha na maandishi. Lakini mtoto wa Kwimba, Magu, Misungwi au Sengerema, ambaye nyumbani husema Kisukuma, huja shuleni na hazina nyingine ya sauti. Ndivyo alivyo pia mtoto wa Ukerewe anayesema Kikerewe au Kijita, mtoto wa Tarime anayesema Kikurya, na mtoto wa Rorya anayesema Kijaluo. Watoto hawa hutakiwa kujifunza herufi mpya na sauti mpya siku moja, kwa mwalimu mmoja, katika darasa lenye watoto wengi.

Niliwahi kuketi nyuma ya darasa la namna hiyo, katika shule moja isiyo mbali na Ziwa Victoria. Msichana mmoja aliinuliwa asome ubaoni sentensi iliyosema kwamba watu wamekwenda kwenye karamu. Alisoma bila kusita, ila alitamka "kalamu". Mwalimu alisahihisha: "Karamu." Mtoto alirudia: "Kalamu." Mwalimu akapaza sauti: "Ka-ra-mu!" Mtoto akajibu, naye sasa kwa sauti ya chini: "Ka-la-mu." Darasa likacheka, na mwalimu akacheka nalo. Kwa muda wote uliobaki mtoto yule hakuinua mkono tena, hata kwa maswali ambayo bila shaka aliyajua.

Mwalimu yule hakuwa mtu mkatili. Alidhani kwamba mtoto amesikia tofauti na kwamba anakataa au anashindwa kuitamka. Kumbe mtoto alirudia kwa uaminifu kile alichokisikia. Kisukuma kina sauti /l/, hakina /r/. Kwa hiyo sikio lililolelewa katika Kisukuma huzipokea sauti hizo mbili kama moja. Kupaza sauti hakumsaidii mtu ambaye tatizo lake si udogo wa sauti.

Madhumuni ya makala haya ni kuwapendekezea wanachuo njia moja ya kulielewa jambo hilo kwa kulionja wenyewe: kujifunza, kwa muda mfupi, matamshi ya lugha ambayo hawaijui kabisa. Lugha iliyochaguliwa ni Kipolandi, na nyenzo zinazopendekezwa zinapatikana bure katika mtandao wa intaneti.

Kwa Nini Kipolandi?

Hapana shaka mwanachuo atauliza: Polandi ina uhusiano gani na Mwanza? Jibu la kwanza ni la kihistoria. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, maelfu ya Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na serikali ya Kisovieti waliachiliwa, wakapita Uajemi, na kuanzia 1942 wakaletwa Afrika ya Mashariki. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, iliyokuwa na watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro. Huko Uganda palikuwa na kambi mbili, moja karibu na Masindi na nyingine Koja, kwenye ufuko wa ziwa hili hili letu. Tengeru palikuwa na shule za Kipolandi, na makaburi ya Wapolandi yangaliko huko hata leo.

Uhusiano huo umekuwa pia wa kitaaluma. Mtaalamu wa Kipolandi, Rajmund Ohly, alifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuandika juu ya lugha na fasihi yetu. Chuo Kikuu cha Warsaw nacho hufundisha Kiswahili. Basi, wako Wapolandi waliojitaabisha kutamka "ng'ombe" kwa ajili yetu. Si vibaya nasi tukajitaabisha kidogo.

Jibu la pili ni la kimbinu, nalo ndilo lenye uzito zaidi. Kipolandi kinafanana na Kiswahili katika jambo moja na kuachana nacho katika mengi. Katika lugha zote mbili mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno la Kipolandi la "ziwa" ni jezioro, nalo hukaziwa kwenye zio, kama vile sisi tunavyokazia li katika "mwalimu". Hata maneno machache yanayokiuka kanuni yanalingana: sisi tuna "barabara" yenye maana ya sawasawa, ambayo hukaziwa mapema kuliko "barabara" ya magari, wao wana muzyka, yaani muziki, ambalo kwa desturi hukaziwa silabi ya tatu kutoka mwisho. Kwa hiyo mwanachuo ana mahali pa kuegemea anapoanza. Baada ya hapo, safari huwa ngumu.

Sauti Zenyewe

Yafaa kwanza kutazama maneno machache ambayo mtu wa ziwani angeyahitaji. Samaki ni ryba. Maji ni woda, nayo husomwa "voda", kwa kuwa herufi w ya Kipolandi ni /v/ yetu. Mashua ni łódź. Herufi ya kwanza ya neno hili, L yenye mkato, hutamkwa kama /w/. Ó husomwa /u/. Na mwisho wa neno husikika "ch" laini. Kwa hiyo neno zima husikika karibu na "wuch". Mtu aliyeliona kwanza kwa macho asingelikisia kamwe. Ajabu hiyo ndiyo ajabu ya mtoto anayeambiwa kwamba s na h zikikaa pamoja si tena s wala h.

Mtoto ni dziecko, husomwa takriban "jetsko", kwa maana c peke yake ni "ts". Asante ni dziękuję, husikika karibu na "jenkuye". Herufi ę ni irabu ya puani, lakini mbele ya k husikika kama e ikifuatwa na nazali ile iliyo katika neno "benki". Hapana ni nie, na hapa tunapumzika, kwa sababu sauti ya mwanzo ni ile ile, au karibu sana, na "ny" ya "nyama".

Shule ni szkoła, husomwa "shkowa". Neno hili ni binamu wa "shule" yetu: sisi tulilipata kutoka Kijerumani, nao walilipata kwa njia yao, lakini asili ya yote mawili ni Kilatini. Msemaji wa Kiswahili akilisoma kwa mara ya kwanza aghalabu husema "shikowa". Ameingiza irabu ili kuitenganisha konsonanti na mwenzake, kama ulimi wake ulivyozoea. Je, amekosea kwa uvivu? La. Ametii sarufi ya lugha yake. Vivyo hivyo mtoto aliyesema "kalamu" alitii sarufi ya lugha yake.

Sasa tufike kwenye kiini. Kipolandi kina jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu, na sauti hiyo haimo katika Kiswahili. Kasza ni nafaka iliyopikwa. Kasia ni jina la msichana. La kwanza lina "sh" nzito, la pili lina "sh" laini inayotamkwa kwa kuinua ulimi kuelekea kaakaa gumu. Sikio la Mswahili husikia "kasha" mara mbili. Tena kuna być, lenye maana ya "kuwa", na bić, lenye maana ya "kupiga". Tofauti kubwa iko katika irabu: y ya Kipolandi hutamkwa ulimi ukiwa umelegea na kurudi nyuma kidogo, na i hutamkwa mbele kama i yetu. Mwanachuo atakayezichanganya atakuwa ametangaza kwamba anataka kupiga, pale alipotaka kusema anataka kuwa mwalimu.

Hapa pana jambo la kutafakari. Kiswahili kina irabu tano. Kisukuma kina saba, na miongoni mwao zimo aina mbili za i na aina mbili za u. Kikurya nacho kina irabu saba. Basi, huenda mwanachuo aliyelelewa katika Kisukuma akaisikia tofauti ya być na bić upesi kuliko mwenzake wa Tanga au Unguja. Siku hiyo yule aliyechekwa kwa ajili ya r ndiye atakayekuwa mwenye sikio kali. Mkufunzi asiipitishe nafasi hiyo bila kuitaja, maana inafundisha kwamba lugha ya kwanza ya mtoto ni hazina. Tena si kila Mswahili awezaye kutamka "mhola", salamu ya Kisukuma, kwa ile m isiyo na mtetemo wa koo.

Nyenzo za Bure na Namna ya Kuzichagua

Zamani mwanafunzi wa lugha ngeni alihitaji mwalimu mzawa, au sahani za santuri, au redio ya masafa mafupi. Leo simu moja yenye intaneti yatosha. Hata hivyo "bure" hapa ina maana kwamba hulipi ada. Kifurushi cha intaneti utakinunua. Kwa hiyo mkufunzi achague, asitangetange.

Nyenzo ya kwanza ni Forvo. Hii ni kamusi ya matamshi ambamo wazawa wa lugha mbalimbali wamerekodi neno moja moja. Ukitafuta łódź utasikia sauti za watu kadhaa, wanaume na wanawake. Ya pili ni Wikikamusi ya Kipolandi pamoja na ghala la Wikimedia Commons, ambamo mna rekodi nyingi za maneno. Rekodi hizo zimewekwa chini ya leseni huria, hivyo inaruhusiwa kuzihifadhi katika simu na kuzitumia tena siku ambayo hakuna mtandao, ilimradi masharti ya leseni yafuatwe.

Ya tatu ni masomo yaliyopangwa kwa hatua. Duolingo ina kozi ya Kipolandi, na tovuti ya polski.info hutoa masomo ya bure kwa wanaoanza. Masomo haya hupanga maneno vizuri, lakini maelezo yake mengi hayako katika Kiswahili, na baadhi ya sauti katika programu za namna hii zimetungwa na mashine. Kwa zoezi letu, sauti ya mtu ni bora. Atakaye sarufi atapata mtandaoni maandishi ya Oscar Swan wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani.

Ya nne ni Wolne Lektury, maktaba ya bure ya vitabu vinavyosomwa shuleni Polandi, ambayo pia ina vitabu vya kusikiliza. Mwanachuo hatavielewa, wala hahitajiki kuvielewa. Asikilize dakika mbili tu, macho yamefumbwa, ili aupate mwendo wa lugha: mkazo unavyorudi tena na tena mahali pale pale.

Kwa nini sauti nyingi na si moja? Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani Logan, Lively na Pisoni walichapisha matokeo ya kuwafundisha Wajapani kutofautisha /r/ na /l/ za Kiingereza, tatizo lililo jirani kabisa na letu. Waliwasikilizisha jozi za maneno zilizotamkwa na wasemaji kadhaa, na kila jibu likafuatwa na taarifa ya kuwa ni sahihi au si sahihi. Usikivu wa wanafunzi hao uliongezeka katika muda wa majuma machache. Tafiti zilizofuata zilitilia nguvu kwamba kusikia wasemaji wengi humsaidia mwanafunzi kuitambua sauti hata kinywani mwa mtu asiyemjua. Kumbe mtoto anayeisikia /r/ kwa mwalimu mmoja tu anaweza kujifunza sauti ya mwalimu badala ya kujifunza /r/.

Utaratibu wa Somo

Zoezi lifuatalo lafaa kwa kipindi kimoja cha dakika 40 chuoni. Mkufunzi hahitaji kujua Kipolandi. Rekodi ndizo mwalimu. Yeye ni mwanafunzi pamoja na wanafunzi wake, na ni vema wamwone akikosea.

Hatua ya kwanza, dakika 8: kusikia. Mkufunzi aonyeshe picha au vitu halisi, kama vile picha ya sato, maji katika bilauri, mfano wa mashua, na acheze rekodi za ryba, woda, łódź na jezioro. Hakuna maandishi ubaoni, wala mtu hatamki. Wanachuo waonyeshe kwa kidole tu.

Hatua ya pili, dakika 10: kutofautisha. Zichezwe jozi kwa mpangilio unaobadilika: lata (miaka) na rata (fungu la malipo), kasza na Kasia, być na bić. Wanachuo wainue kidole kimoja wakisikia neno la kwanza, viwili wakisikia la pili. Mkufunzi aseme papo hapo lililo sahihi, bila dhihaka.

Hatua ya tatu, dakika 8: kuiga. Waige wote pamoja, kisha kwa vikundi, kisha wawili wawili. Mtu mmoja asisimamishwe mbele ya wote mpaka mwenyewe apende.

Hatua ya nne, dakika 6: maandishi. Sasa maneno yaandikwe ubaoni. Mshangao utakuwa mkubwa, na wengine wataanza kutamka vibaya maneno waliyokwisha kuyatamka vizuri, kwa sababu jicho limelidanganya sikio. Waachwe walione jambo hilo.

Hatua ya tano, dakika 8: mazungumzo. Kila mmoja ajibu maswali matatu: Ni sauti gani sikuisikia kabisa? Mwenzangu aliponicheka, nilitaka kufanya nini? Ni kitu gani kilichonisaidia? Majibu yaandikwe katika daftari, maana hayo ndiyo mavuno ya somo zima. Kipolandi chaweza kusahauliwa kesho.

Kutoka Kipolandi Kurudi Darasani

Mwanachuo aliyepita katika zoezi hili atakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, afuate njia ile ile: sikio kwanza, kisha ulimi, kisha jicho. Kabla ya kuandika "karamu" ubaoni, acheze mchezo wa vidole kwa kutumia jozi za Kiswahili. Kwa watoto wa Kisukuma: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari, kisha dhana na zana, thamani na samani. Kwa watoto wa Kijaluo, ambao lugha yao haina /sh/ wala /z/: shaka na saka, zana na sana. Mtoto wa Kikurya ana tatizo lililogeuka, yeye huelekea kutia r mahali pa l. Mwalimu asitumie orodha moja kwa darasa zima bila kuuliza watoto wanasema lugha gani nyumbani.

Ulimi nao waweza kuelekezwa. Kwa /l/, ncha ya ulimi hukaa kwenye ufizi, na hewa hupita kandoni. Kwa /r/, ncha hugonga ufizi na kuachia upesi. Watoto waige mngurumo wa injini ya mtumbwi ikiwashwa; wengi huipata /r/ katika mchezo kabla ya kuipata katika neno.

Kwa upande wa sauti nyingi, mwalimu wa Kiswahili ana bahati kuliko mwanafunzi wa Kipolandi. Wapo walimu wenzake, wapo wanafunzi wa madarasa ya juu, yupo mhudumu wa zahanati. Kila mmoja aweza kurekodiwa katika simu akitamka maneno kumi, kwa idhini yake. Mtandaoni kuna mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambamo watu wa kujitolea husoma sentensi kwa Kiswahili, na kwa Kipolandi vilevile. African Storybook ina hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili zinazoweza kuchapishwa bure, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao. Pasipo mtandao, mchezo wa vidole hauhitaji kitu chochote ila vidole.

Yafaa pia kuweka mpaka. Mtoto anayesema "kalamu" akimaanisha karamu, huku akijua maana yake na kuiandika sawasawa, amekwisha kujua kusoma. Matamshi yake yaendelee kulelewa polepole, lakini asinyimwe alama za ufahamu kwa ajili ya ulimi. Watu wazima wengi wenye elimu na madaraka huzungumza Kiswahili chenye lafudhi ya kwao, na hueleweka.

Hitimisho

Tangu mwisho wa miaka ya 1960 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika takriban shule zote za msingi za serikali, na umoja wetu umefaidika sana. Faida hiyo isinunuliwe kwa ukimya wa mtoto aliye nyuma ya darasa. Msichana yule wa karamu hakuhitaji sauti kubwa zaidi. Alihitaji kuzisikia sauti mbili zikitenganishwa kwa subira, mara nyingi, na watu wengi, bila kicheko. Mwalimu ambaye mwenyewe amewahi kuitafuta tofauti ya kasza na Kasia na kuikosa, atakumbuka subira hiyo inatoka wapi. Basi, kabla hujaenda kituoni kwako, chukua simu, tafuta neno łódź, na ulisikilize mara kumi. Kisha lifunike na kujaribu kulisema mbele ya mwenzako.